Kuhifadhi korosho nyumbani, kutoka msimu hadi msimu

Kila mwaka, kati ya Novemba na Desemba, mzigo wangu hushuka Mbagala Rangi Tatu ukitokea Newala: kilo tano au sita za korosho alizobangua mama, zimetiwa kwenye kiroba na kushonwa mdomo kwa kamba. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiufungua mzigo, nawagawia majirani, na zinazobaki naziacha humohumo kwenye kiroba juu ya kabati la jikoni. Ikifika Machi, masika yakishatia mguu, korosho zimelegea, na ukizitafuna zinakuachia uchungu nyuma ya ulimi. Mwaka mmoja nilitupa kilo tatu. Nilipompigia mama kumweleza, alikaa kimya kwanza, halafu akaniuliza: "Zilipofika, ulizitoa kwenye kiroba siku ileile?"

Sikuwa nimezitoa. Tangu hapo nimejifunza kwamba umri wa korosho huamuliwa siku ya kwanza inapoingia nyumbani, kabla hata hujafikiria chombo cha kuiwekea. Siku hizi korosho za Novemba tunazila hadi Oktoba, na ladha yake ni ileile.

Hapa nazungumzia hasa korosho zilizobanguliwa, ambazo hazijatiwa chumvi. Zile ghafi, zilizo bado kwenye ganda lake gumu, nitazigusa mwishoni, maana zina taratibu zake.

Kinachoiharibu korosho

Zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa korosho ni mafuta. Mafuta hayo yakikutana na hewa huanza kuchacha taratibu, na joto pamoja na mwanga huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana korosho iliyokaa dirishani huharibika upesi kuliko iliyofichwa gizani, hata kama zote mbili zilitoka kwenye mfuko mmoja.

Adui wa pili ni unyevu. Korosho iliyokaushwa vizuri ina maji kidogo mno, kama asilimia 5 au pungufu, nayo huyavuta mengine kutoka hewani. Sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar tunaishi kwenye hewa iliyojaa maji. Ukiacha sinia la korosho wazi mezani usiku mmoja wa Aprili, asubuhi utakuta zimekuwa kama mpira. Korosho yenye unyevu haiishii kulegea tu. Hualika ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu.

Halafu kuna wadudu, na kuna harufu. Mafuta ya korosho hunasa harufu ya chochote kilicho karibu. Niliwahi kuziweka kwenye kabati moja na dagaa waliofungwa vizuri kabisa, kwa macho yangu. Baada ya wiki mbili zilikuwa na shombo ambayo hata kuzikaanga hakukuiondoa.

Hatua ya kwanza: zikague kabla hujalipa, au mara zinapofika

Vunja moja kwa vidole. Iliyo kavu hukatika kwa mlio. Yenye unyevu hupinda kwanza ndipo ikatike. Nusa mfuko mara tu unapoufungua, kabla harufu haijatoka. Korosho nzuri hunukia utamu mwepesi. Ukipata harufu inayokukumbusha mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi, usinunue hata kama bei imeshushwa, kwa sababu hakuna njia ya kuyarudisha mafuta yaliyokwisha kuchacha.

Angalia pia nyuzi nyembamba kama za buibui kati ya korosho na korosho. Hizo ni kazi ya viwavi vya nondo. Unga mwingi chini ya mfuko na matundu madogo ni dalili ya wadudu wengine. Mwisho, tafuna moja polepole hadi iishe mdomoni. Uchungu wa kuchacha hauji mwanzoni, huja mwishoni, kwa hiyo kuonja harakaharaka ukiwa umesimama kibandani hakukusaidii.

Ukinunua barabarani, kuanzia Mkuranga kushuka hadi Somanga, uliza zimebanguliwa lini. Pakiti zinazoning'inizwa juani mchana kutwa, hata ziwe za juzi, zimeshaanza kuzeeka. Mimi huomba zilizo ndani ya boksi, kivulini.

Hatua ya pili: zimwage kwenye sinia, uzichambue

Fanya hivi siku ileile. Safari ya saa kumi na zaidi ndani ya buti la basi ni joto tupu, na korosho hutoka jasho ndani ya kiroba. Zimwage kwenye sinia pana au ungo, mahali penye mwanga wa kutosha kuona vizuri.

Toa zenye madoa meusi, zenye matundu, zilizosinyaa, na zilizobaki na kipande cha ganda la nje. Hilo ganda la nje lina mafuta makali yanayounguza ngozi na midomo, kwa hiyo usiliache hata kidogo liingie kwenye chombo. Kisha tenga makundi mawili: nzima na vipande. Kibiashara tofauti hiyo ni ya bei. Ukikuta kwenye boksi la kiwandani pameandikwa W320, maana yake ni korosho nyeupe nzima ambazo ratili moja (karibu nusu kilo) hubeba takriban 300 hadi 320. Nyumbani tofauti hiyo ni ya muda. Kipande kimepasuka, sehemu kubwa ya mwili wake iko wazi kwa hewa, hivyo huchacha mapema. Vipande viliwe kwanza, au visagwe kwa ajili ya mchuzi na wali. Nzima ndizo za kuweka akiba.

Kama korosho zako bado zina ile ngozi nyembamba ya kahawia, usijisumbue kuimenya yote sasa. Ngozi hiyo husaidia kuikinga korosho na hewa. Mama huniletea nusu ya mzigo ikiwa nayo, nami humenya kila ninapotaka kula.

Hatua ya tatu: zikaushe upya

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Chombo kizuri hakiwezi kuisaidia korosho iliyoingia humo na unyevu. Kitaufungia unyevu huo ndani pamoja nayo.

Kama una oveni, iwashe kwenye nyuzi 70 au chini kidogo. Tandaza korosho safu moja tu kwenye trei, ziache nusu saa, zigeuze, ongeza nusu saa nyingine. Hatukaangi hapa, kwa hiyo rangi isibadilike. Ukianza kusikia harufu nzuri ya korosho ya kukaanga, moto umezidi.

Asiye na oveni atumie kikaango kizito kisicho na mafuta juu ya mkaa uliofifia na kufunikwa majivu. Geuza bila kuchoka kwa mwiko, kama dakika 15 au 20, kidogokidogo, nusu kilo kwa mara. Mkono wako ndio kipimo: korosho ziwe na joto la kushikika kwa starehe. Zikikuunguza, epua.

Kuzianika juani ninakukatalia. Najua wengi wetu tumekua tukiona vitu vyote vikianikwa juu ya jamvi, na kwa korosho ghafi jua ndilo lenyewe. Lakini iliyobanguliwa haina ganda tena. Jua huichosha mafuta, nzi huitembelea, na jioni hewa ya bahari huirudishia maji yote uliyoyatoa mchana.

Baada ya kukausha, ziache zipoe kabisa kwenye sinia, zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa safi. Kabisa maana yake ni kabisa: ingiza mkono katikati ya rundo, usisikie vuguvugu lolote. Ukizifungia zikiwa na joto, mvuke utagusa kifuniko, ugeuke matone na kuzidondokea. Na ukizichelewesha hadi kesho yake, zitakuwa zimekunywa hewa ya usiku. Muda wa kuzifungasha ni ule zinapopoa tu, saa ileile.

Hatua ya nne: chombo

Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana ndiyo chaguo langu la kwanza. Kioo hakipitishi hewa wala harufu, wala hakinywi mafuta. Chupa za asali, za siagi ya karanga, za kachumbari ya dukani, zote zinafaa, mradi zimeoshwa kwa maji ya moto na sabuni na kukaushwa juani hadi ndani pasibaki hata ukungu wa pumzi. Kifuniko chenye harufu ya achari kibadilishe. Mpira wake ukishanasa harufu hauiachii.

Chagua chupa ndogo nyingi kuliko kubwa moja. Chupa ya kilo mbili utaifungua mara mia kabla haijaisha, na kila unapoifungua unaiingizia hewa mpya. Chupa ya robo kilo hufunguliwa wiki hii, ikaisha wiki ijayo. Jaza hadi juu, uitikise zishuke, uongeze tena, ili hewa inayobaki iwe kidogo.

Kwa friza, mifuko minene ya plastiki yenye zipu ni rahisi zaidi. Kandamiza utoe hewa yote kabla ya kufunga, kisha tia mfuko wa pili juu yake.

Usichopaswa kutumia ni ile mifuko mbadala ya kitambaa tuliyoizoea tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Inabeba vizuri, lakini ina matundu kila mahali. Kiroba nacho ni hivyohivyo. Vyote viwili ni vya safari tu.

Andika tarehe. Kipande cha karatasi na gundi ya plasta kinatosha.

Hatua ya tano: mahali

Nyumba ikiwa na joto la kawaida la Pwani, nyuzi 28 hadi 32, mimi siweki korosho kabatini zaidi ya mwezi mmoja. Kabati liwe la chini, lenye giza, mbali na jiko. Juu ya friji hapafai kabisa, ingawa ndipo wengi wetu tunapoweka vitu: mashine ya friji hutoa joto mchana na usiku. Chini ya sinki pana unyevu na harufu ya sabuni. Wanaoishi Njombe, Mbeya, Arusha au Limuru wana nafuu ya baridi, nao wanaweza kuongeza mwezi mmoja au miwili.

Kwenye friji, ndani ya chupa iliyobana, korosho hukaa vizuri hadi miezi sita. Kwenye friza, mwaka mzima. Usiogope kwamba zitaganda na kuharibika. Nyama na matunda huharibika umbo kwa sababu ya maji yaliyomo. Korosho kavu haina maji ya kugandisha, hutoka ilivyoingia.

Friza ina faida nyingine. Mayai ya wadudu hayaonekani kwa macho, na mzigo wowote wa kutoka kijijini unaweza kuwa nayo. Siku nne hadi wiki moja kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huyaua. Kwa hiyo hata korosho ninazopanga kuziweka kabatini huzipitisha friza kwanza, zikiwa tayari kwenye mifuko yake. Kama kwako hakuna friza, muombe jirani nafasi kwa wiki moja, umpe robo kilo kwa fadhila yake.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friza kuchungulia. Hata ikikatika siku mbili na korosho zikapata joto, ziache ndani ya mifuko yake iliyofungwa. Umeme ukirudi zitapoa tena bila madhara. Hofia samaki na nyama kwanza.

Hatua ya sita: namna ya kuzitoa

Hapa ndipo nilipoharibu mzigo wa pili, baada ya kujua kila kitu nilichokueleza juu. Nilikuwa natoa chupa kwenye friza, nafungua hapohapo, nachota, narudisha. Hewa ya joto ya jikoni ikikutana na korosho baridi hugeuka maji juu yake, kama soda ya baridi inavyotoa jasho mezani. Baada ya kuchota mara kumi, korosho za juu zilikuwa zimelowa na kupauka.

Toa chupa au mfuko mmoja, uuache umefungwa mezani kwa saa mbili au tatu, au usiku kucha. Jasho litajitokeza nje ya chupa; lifute. Chupa ikishakuwa na joto la chumba, ndipo ufungue. Na ukishafungua, usirudishe friza. Iweke kabatini au kwenye friji, iliwe iishe ndani ya wiki mbili. Chota kwa kijiko kikavu. Mkono wa mtoto aliyetoka kunawa unatosha kuleta ukungu.

Za kukaanga na za chumvi

Korosho iliyokaangwa haikai kama isiyokaangwa, na iliyokaangwa kwa mafuta hukaa muda mfupi zaidi, kwa kuwa mafuta yale ya kukaangia nayo huchacha. Chumvi juu yake huvuta unyevu. Hifadhi zisizokaangwa, na ukaange kiasi cha kuliwa kwa siku kumi tu. Wageni wa Idi au Krismasi wakija, utoe mfuko siku moja kabla, ukaange asubuhi. Watakuuliza umezipata wapi korosho mpya mwezi wa sita.

Ukiona ukungu

Korosho iliyochacha ni ya kutupa kwa sababu ya ladha. Yenye ukungu ni ya kutupa kwa sababu ya uhai, na hapo naomba usiwe na huruma na pesa uliyolipa. Usiioshe, usiikaange ukidhani moto utaisafisha, usiisage kwenye mchuzi. Sumukuvu haiondoki kwa joto la jiko la nyumbani. Mwaka 2004 Kenya ilipoteza watu 125, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na mwaka 2016 familia za Dodoma na Manyara zilifiwa kwa sababu hiyohiyo. Yalikuwa mahindi, lakini kuvu wanaotoa sumu hiyo hawabagui. Karanga na korosho pia huwapokea. Usiwape kuku wala mbuzi. Fukia au teketeza, kisha uoshe chombo kwa maji yanayochemka.

Ukiwa na korosho ghafi

Ganda lake gumu ni ghala la asili. Korosho ghafi iliyokauka vizuri hukaa mwaka, kwa hiyo aliye kijijini na ana nafasi hana haja ya kubangua zote kwa pamoja. Zianike juani siku mbili au tatu kwenye turubai au sakafu safi, uzigeuze, uzifunike jioni umande usizipate. Tikisa moja sikioni: iliyokauka huchezacheza ndani ya ganda. Bonyeza kwa ukucha: ikikataa kuacha alama, iko tayari. Tia kwenye gunia la juti, si kiroba cha plastiki, kwa kuwa korosho ghafi bado inapumua na plastiki huibania jasho lake. Gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, paa lisivuje. Kila mwezi fungua, ingiza mkono katikati. Ukisikia joto au unyevu, anika tena siku hiyo.

Mabibo, yale matunda yenye maji yanayoshikana na korosho mtini, yasibaki hata kipande kwenye korosho unazoweka. Utamu wake huita sisimizi na ukungu.

Dada yangu anayeishi Houston aliniuliza kama haya yote yanafaa kwa pekani, aina ya kokwa za kule Marekani, ambazo majirani zake huokota chini ya miti uani kila majira ya kupukutika majani. Yanafaa, tena kwa ukali zaidi: karibu asilimia 70 ya pekani ni mafuta, hivyo kabatini huchacha haraka kuliko korosho. Nilimwambia azimenye kadiri anavyokula, na zilizokwisha kumenywa asiziache nje ya friza. Makadamia za Murang'a na Embu zina mafuta mengi vilevile, nazo zishikwe hivyohivyo.

Mzigo mpya ukifika

Usimwage korosho mpya juu ya za zamani. Chache zilizoanza kuchacha huambukiza harufu chupa nzima, na mdudu mmoja aliyebaki atapata chakula cha mwaka mwingine. Zilizobaki zionje moja moja. Nzuri zipike wiki hiyo, kwenye mchuzi wa kuku wa nazi hutaona tofauti. Chupa zote ziingie maji ya moto, zikauke juani siku nzima zikiwa zimepinduliwa, na vifuniko vyake kando. Halafu mkate ile kamba ya kiroba siku ileile.